Jina Lake Ni Nani? Mafunzo Kutoka Maisha ya Mwanariadha Mo Farah

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana wa Mkomani, Lamu, baada ya swala ya tarawehe, na kuandikwa upya kwa wasomaji wa jarida hili)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyetuumba kwa rangi na lugha mbalimbali. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu msomaji, usiku ule nilipotakiwa nizungumze na vijana wenzangu, mzee wangu mmoja alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, nasikia wataka kutuletea habari za mbio. Mbio na Ramadhan wapi na wapi?" Nikamjibu kwa adabu kuwa mbio si jambo geni katika dini yetu. Tumesoma madrasa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (R.A.). Mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, na baada ya muda wakashindana tena, akashinda yeye. Mzee akacheka, akakaa kitako kunisikiliza. Basi na wewe kaa, nikusimulie habari ya mtu mmoja aliyekimbia kuliko karibu watu wote wa zama zake, na bado kuna mambo hakuweza kuyakimbia.

Usiku mmoja wa Ramadhan

Mwaka 2012 mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Ramadhan iliangukia mwezi wa Julai na Agosti, na Michezo ya Olimpiki ilikuwa London. Usiku wa tarehe 4 Agosti, baada ya tarawehe, watu wazima walijazana kwa jirani yetu mwenye televisheni kuangalia fainali ya mita 10,000. Sisi watoto tulichungulia baina ya miguu yao. Nyumba nzima ilikuwa ya Kenya. Kila Mkenya akisogea mbele, kelele zafika baharini.

Mzunguko wa mwisho akachomoka kijana mwembamba, kichwa amenyoa, amevaa jezi ya Uingereza. Wenzake wakamfukuza, hawakumpata. Dakika 27 na sekunde 30. Nyumba ikanyamaza kimya. Kenya hata shaba haikupata usiku ule.

Halafu yule mtu akapiga magoti akaweka paji la uso wake chini, pale pale uwanjani, mbele ya dunia nzima.

"Anasujudu!" Mtu akapiga kelele. Basi nyumba yote ikageuka. Yule aliyekuwa "Mwingereza" dakika moja iliyopita, sasa mmoja akasema, "Msomali huyo!" Mwengine akasema, "Muislamu mwenzetu!" Wa tatu akamaliza, "Kumbe ni wa kwetu!" Tukashangilia mpaka wenye nyumba wakatutoa.

(Na kabla hujaniuliza kama alikuwa amefunga siku ile: hayo ni baina yake na Mola wake, na mas'ala ya saumu ya msafiri waulize masheikh, usiniulize mimi.)

Nataka uikumbuke dakika hiyo, ndugu yangu. Katika dakika moja tulimpa mtu yule majina manne. Mwingereza, Msomali, Muislamu, wa kwetu. Na hakuna mmoja wetu aliyelijua jina lake. Televisheni ilisema ni Mohamed Farah, na jina hilo halikuwa lake.

Mtoto aliyepokonywa jina

Dunia ilikuja kuujua ukweli miaka kumi baadaye. Mwezi wa Julai 2022, katika filamu iliyoonyeshwa na BBC, bingwa huyu alisema kwa kinywa chake kuwa jina alilopewa na wazazi wake ni Hussein Abdi Kahin.

Alizaliwa Somaliland mwaka 1983, pacha na nduguye Hassan. Alipokuwa na umri wa miaka minne, baba yake aliuawa na risasi katika fujo za vita. Mama yake, Bi Aisha, akabaki na watoto. Akampeleka kwa jamaa zake Djibouti apate usalama. Na huko, alipokuwa na miaka minane au tisa, akaja mwanamke asiyemjua, akamwambia atampeleka Ulaya kwa jamaa zake. Mtoto akafurahi. Hajapata kupanda ndege maishani mwake.

Yule mwanamke akamwambia, "Kuanzia sasa jina lako ni Mohamed." Hati za safari zilikuwa za mtoto mwengine, mwenye jina la Mohamed Farah. Walipofika London, mtoto alikuwa na karatasi iliyoandikwa anwani za jamaa zake. Mwanamke yule akaichukua, akaichana mbele ya macho yake na kuitupa kwenye pipa la taka. Hapo ndipo alipojua kuwa ameingia taabuni.

Katika nyumba ya Hounslow, magharibi ya London, akafanywa mtumishi. Afanye kazi za nyumba, alee watoto wa wenyewe, ndipo ale. Akaambiwa kuwa akitaka kuwaona tena watu wao, basi asiseme kitu. Amesimulia kuwa alikuwa akijifungia chooni na kulia peke yake. Miaka ya mwanzo hakupelekwa hata shule.

Nataka uelewe vizuri hapa. Huyu hakutekwa na majambazi akafungwa pangoni. Alikuwa katika nyumba ya familia, mtaani, majirani wakipita. Wageni walikuja na kuondoka. Yawezekana aliwafungulia mlango akawapokea mizigo. Na katika hao wote, nani alimuuliza, "Mwanangu, wewe ni nani?"

Mwalimu mmoja

Alipofika miaka kumi na miwili hivi, akaruhusiwa kwenda shule, Feltham. Shule iliambiwa ni mtoto mkimbizi kutoka Somalia. Kiingereza chake kidogo, hali yake duni. Unajua mtoto wa namna hiyo shuleni huwaje: ama akae pembeni, ama apigane. Yeye alipigana.

Mwalimu wake wa michezo, bwana mmoja anayeitwa Alan Watkinson, Mwingereza mweupe, si Msomali wala si Muislamu, aliona kitu. Aliona kuwa mtoto huyu akiingia uwanjani anabadilika. Amesema kuwa lugha pekee ambayo mtoto alionekana kuielewa ilikuwa lugha ya michezo. Mwenyewe kijana alikuwa na ndoto ya kuchezea Arsenal (nawaona mnacheka, nyinyi wa Arsenal), lakini mwalimu akamvuta kwenye mbio.

Hatimaye mtoto akamfungulia mwalimu moyo wake. Akamwambia jina lake si hilo, ametoka wapi, na anafanywa nini nyumbani. Mwalimu angeweza kusema, "Hayo ni mambo ya Wasomali wenyewe." Hakusema. Aliwaendea maofisa wa ustawi wa jamii, na mtoto akahamishiwa kwa familia nyengine ya Kisomali. Huko alilelewa kama mtoto, wala hakuwa mtumishi tena. Akaishi nao kiasi cha miaka saba.

Alipokuwa na miaka kumi na minne akaalikwa kukimbilia shule za Uingereza huko Latvia. Hana hati za kusafiria. Mwalimu yule yule akahangaika naye kuomba uraia, na tarehe 25 Julai 2000 akapata uraia wa Uingereza, kwa jina lile lile la Mohamed Farah.

Vijana wenzangu, mengine yote mnayoyajua yanaanzia hapo. Mwaka 2005 alihamia nyumba moja na wanariadha kutoka Kenya, akiwemo Micah Kogo. Akashangaa kuona wanavyoishi: wanalala, wanakula, wanafanya mazoezi, wanapumzika, basi. Akaacha mzaha, akaishi kama wao. Akaja mpaka Iten, kule Bonde la Ufa, kufanya mazoezi katika baridi na milima. Kwa hiyo hata sisi tuliokasirika mwaka 2012, tujue bingwa yule alijifunza kazi kwa Wakenya.

London 2012 alishinda mita 5,000 na mita 10,000. Rio 2016 akashinda zote mbili tena, na katika ile ya 10,000 aligongwa mguu akaanguka chini katikati ya mbio, akainuka, na bado akawa wa kwanza. Jumla, dhahabu nne za Olimpiki na sita za ubingwa wa dunia. Mwaka 2018 akashinda marathon ya Chicago. Alistaafu mwaka 2023, akiwa na miaka arobaini.

Sikwambii kuwa ni malaika. Kocha wake wa Marekani, Alberto Salazar, alifungiwa miaka minne mwaka 2019 kwa makosa ya kanuni za dawa, ingawa Farah mwenyewe hakupatikana na hatia yoyote ya dawa. Na kwa miaka mingi aliueleza ulimwengu hadithi isiyo ya kweli kuhusu alivyofika Uingereza. Lakini hadithi ile alitungiwa akiwa mtoto, kisha akaogopa kuiacha. Hata katika filamu ya 2022, mwanasheria alimwambia kuwa upo uwezekano wa kweli wa kunyang'anywa uraia. Akasema ukweli hivyo hivyo, na serikali ya Uingereza ikatangaza kuwa haitamchukulia hatua.

Medali mezani

Sasa sikiliza. Ungedhani mtu akishinda namna ile, milango yote itamfungukia. Wallahi haikuwa hivyo.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2012, miezi michache tu baada ya usiku ule niliokusimulia, alisimulia kupitia gazeti la kwao kuwa alipoingia Marekani, alikokuwa akiishi na familia yake kwa ajili ya mazoezi, maofisa wa uhamiaji walimzuia kwa kumshuku kuwa ni gaidi. Alisema kuwa kwa sababu ya asili yake ya Kisomali, kila aingiapo kule huzuiwa. Safari ile akatoa medali zake za dhahabu akawaonyesha, wajue yeye ni nani. Hawakuzijali.

Hebu vuta picha hiyo. Mtu amesimama mbele ya meza, jasho la miaka kumi na tano limelala juu ya meza hiyo, linang'ara. Na aliye upande wa pili haoni dhahabu. Anaona uso, na mahali pa kuzaliwa.

Mwaka 2017 ulianza kwa Malkia wa Uingereza kumpa cheo cha "Sir". Tarehe 27 ya mwezi ule ule wa Januari, Rais Donald Trump akatia saini amri ya kuwazuia kuingia Marekani raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, na Somalia ikiwemo. Farah alikuwa mazoezini Ethiopia. Mke wake na watoto wake wanne walikuwa Marekani. Aliandika kwa uchungu kuwa mwezi umeanza kwa kupewa heshima na Malkia na umeisha kwa kuonekana mgeni asiyetakiwa, na kuwa itambidi awaeleze watoto kuwa huenda baba yao asiweze kurudi nyumbani. Baadaye ilielezwa kuwa amri ile haitamgusa, akapumua. Lakini alisema bado anaipinga, maana wapo wengi wasio na cheo wala medali.

Machi 2018, akiwa uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, njiani kwenda Ethiopia, alirekodi video akilalamika kuwa anasukumwa na kunyanyaswa kwa ajili ya rangi yake. Bingwa wa Olimpiki mara nne, "Sir" mzima.

Funzo langu la usiku huu ni hili, lishike: dhahabu nne hazikumfungulia mlango wa uwanja wa ndege, lakini sikio la mwalimu mmoja lilimfungulia mlango wa maisha. Medali haisemi na mtu aliyekwisha kukata shauri moyoni. Mtu hukombolewa na mtu aliyemtazama, akamuuliza, kisha akasubiri jibu.

Kwa hiyo kijana wa Kiislamu usidanganyike kuwa dawa ya kubaguliwa ni kuwa bora kuliko wote. Soma, jitahidi, kimbia, hayo ni wajibu wako. Lakini usingoje cheti ndipo ujione mtu. Wala usimngoje mwenzako alete medali ndipo wewe umuone mtu.

Na sisi je?

Hapo vijana walitikisa vichwa sana, maana haya tunayajua. Sisi wa Lamu tunajua kizuizi cha barabarani ni nini. Nimesafiri na basi kutoka Mokowe kwenda Mombasa, tukashushwa wote na kupigwa foleni, kipande mkononi. Mwenye kofia na ndevu anaulizwa mara mbili. Mama wa Kibajuni anaulizwa wewe kweli Mkenya. Na wangapi katika ndugu zetu wamekaa mbele ya kamati, wakaulizwa babu alizaliwa wapi, ndipo wapate kipande? Februari 2025 Rais alitangaza kule Wajir kuwa uchunguzi ule wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani umefikia mwisho. Alhamdulillahi. Lakini uchungu wake tunaujua.

Basi kama tunaujua, ndugu zangu, mbona sisi wenyewe tumeweka vizuizi katika vichochoro vyetu?

Nitakusimulia kisa changu, na aibu yake ni yangu.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja, nyumba moja ya mtaani ililetewa mtoto wa kiume, rika letu. Walisema wametoka naye upande wa mpakani, ana kwao mbali, amekuja "kulelewa". Hakuja madrasa. Asubuhi tukienda chuoni tulimkuta anasukuma mkokoteni wa maji. Jioni tulimkuta gatini anapokea mizigo. Na Ramadhan ndiye aliyezungusha masinia ya futari kwa majirani. Mikate ya mofa, sambusa, kaimati, vyote tulivipokea kutoka mikononi mwake.

Sisi tulimwita "Mja-na-maji". Kila akipita, "Mja-na-maji huyo!" Yeye alicheka tu.

Maji yakipwa tulikuwa tukishindana mbio za ufukweni mpaka Shela. Siku moja akatuacha mkokoteni kwenye mchanga, akaja kukimbia nasi, pekupeku. Sikiliza bwana, hatukuliona vumbi lake. Alifika Shela, akageuka, akatupita tena anarudi, sisi bado twaenda. Na unajua tulisemaje? Hatukusema "mashaallah". Tulisema, "Si ajabu, amezoea kukimbia na punda." Tukacheka sana. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Baada ya Idd hatukumuona tena. Tuliambiwa amepelekwa mahali pengine. Ramadhan iliyofuata sinia lililetwa na mtu mwengine. Bibi yangu akauliza, "Yule kijana wa mwaka jana yuko wapi?" Nikasema, "Mja-na-maji? Ameondoka." Bibi akanitazama. "Ina lake nani?"

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikula kutoka mikononi mwake, nilishindwa naye mbio, na jina lake silijui. Bibi hakunigombeza. Alifunika sinia kwa kawa, akaingia ndani. Sinia lile sikuweza kulila.

Mwaka 2022 nilipoangalia habari ya Mo Farah na mtoto Hussein anayelia chooni kule Hounslow, sikuiona London. Nilikiona kichochoro chetu.

Zayd bin Haritha

Na sisi tuliosoma madrasa hatuna udhuru, maana kisa hiki kilisomeshwa kabla Mo Farah hajazaliwa.

Zayd (R.A.) alikuwa mtoto mdogo alipotekwa na wavamizi akiwa safarini na mama yake. Akauzwa katika soko la Ukadh, akafikishwa Makka, nyumbani kwa Bi Khadija (R.A.), naye akampa Mtume (S.A.W.). Baba yake Haritha alimtafuta na kumlilia miaka na miaka. Alipompata akaja na fidia amkomboe. Mtume (S.A.W.) hakutaka fidia. Alimwachia Zayd mwenyewe achague. Zayd akachagua kubaki, kwa wema aliouona. Mtume akamwacha huru na kumfanya mwanawe, watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad.

Jina gani duniani la kujivunia kuliko hilo? Hata hivyo zikateremka aya katika Surat al-Ahzab kuamrisha kuwa watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, maana huo ndio uadilifu mbele ya Allah. Akarudi kuwa Zayd bin Haritha. Na katika masahaba wote, yeye ndiye aliyetajwa kwa jina ndani ya Qur'ani.

Tazama uzito wa jina katika dini yetu. Hata ubin wa mtukufu wa viumbe haukuruhusiwa kulifunika jina la baba aliyemlilia mwanawe. Basi sisi ni nani hata tulifunike jina la mtoto wa watu kwa kejeli?

Zayd akawa amiri wa jeshi, akafa shahidi Mu'ta. Mwanawe Usama (R.A.), ambaye mama yake ni Ummu Ayman, Mhabeshi, akapewa uamiri akiwa kijana bado. Watu wakanung'unika. Mtume (S.A.W.) akawakumbusha kuwa hata uamiri wa baba yake waliunung'unikia, naye alikuwa anaustahiki. Maneno ya "huyu ni nani hata atuongoze" ni ya zamani, na yalijibiwa zamani.

La kufanya

Sitaki uondoke na machozi tu, machozi hukauka kabla ya daku. Chukua mambo matatu.

Kwanza, jina. Ramadhan hii mtafute mtu mmoja ambaye unamjua kwa kazi yake au kwa kabila lake tu. Huyo mchukuzi wa gatini, huyo dada wa kazi kutoka Bara, huyo kijana wa mkokoteni. Muulize jina lake na la baba yake, kisha umwite hivyo. Surat al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, halafu ikatueleza kwa nini tumeumbwa mataifa na makabila: tupate kujuana. Utamjuaje usiyemuuliza jina?

Pili, mtoto wa nyumbani. Kama kwenu kuna mtoto aliyeletwa "kulelewa", jiulize kwa uadilifu: anakwenda shule? Anakwenda chuoni? Analala saa ngapi? Anazungumza na mama yake? Kama jibu linakuumiza, zungumza na wazazi wako kwa adabu. Wakishindwa kusikia, mwendee mwalimu, imamu, au maofisa wa watoto. Usiseme ni mambo ya nyumba ya watu. Mwalimu Watkinson angesema hivyo, leo pasingekuwa na Mo Farah. Mwenyewe Farah, mwaka 2023, alikubali kuwa balozi mwema wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Ameamua kuwasemea watoto waliovushwa mipaka kama alivyovushwa yeye.

Tatu, wewe unayebaguliwa. Ukizuiwa kwa ajili ya kofia yako au jina lako, usivunjike na usijibadilishe. Sema ukweli wako kwa utulivu, andika kilichotokea, watafute wanaojua sheria. Na ukirudi nyumbani, usiyatoe machungu yako kwa aliye chini yako. Mtu hupigwa kofi kizuizini akaenda kulirudisha kwa mchukuzi. Hilo si dawa.

Nimalizie na neno lile letu la kejeli. Mja na maji ni aliyeletwa na maji. Sasa hebu tuhesabu sisi wa Mkomani. Huyu babu yake alitoka Hadhramaut kwa jahazi. Yule babu yake alitoka Pate. Wa tatu alitoka visiwa vya Wabajuni, wa nne Ngazija. Kisiwa hiki hakina njia ya miguu, ndugu zangu. Nani hapa hakuja na maji?

Na "mja", kwa Kiswahili chetu, ndiyo hilo hilo jina tunalojiita tunaponyoosha mikono: sisi ni waja wako, ya Rabbi. Nilidhani namtukana yule kijana. Kumbe nilikuwa nikimwita kwa jina langu.

Ewe Mola, popote alipo, mpe wasaa, umfikishe kwa mama yake. Na siku nitakapokutana naye, unipe ujasiri wa kumuuliza nililopaswa kumuuliza tangu siku ile ya kwanza.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.